Dawa ya Wadudu Ikimwagika Ardhini Inakwenda Wapi?

Ndugu wasomaji, mwezi huu tuzungumzie jambo tunalolitenda karibu kila siku bila kulifikiria. Mama anafua chandarua chenye dawa, kisha anamwaga maji ya povu nyuma ya nyumba. Baba anarudi kutoka bustani ya kabichi na kusuuza bomba la kunyunyizia mferejini. Kijana aliyejipaka mafuta ya kufukuza mbu jana jioni anaoga asubuhi, na maji yanaingia ardhini. Bibi naye anafagia ghala, anakuta unga wa dawa ya mahindi uliobaki tangu mwaka jana, anautupa jalalani.

Je, dawa zote hizo zinakwenda wapi? Wengi hujibu, "Ardhi inameza kila kitu." Jibu hilo ni la kweli nusu, na ile nusu isiyo ya kweli ndiyo inayoleta wagonjwa hospitalini. Ardhi ina wafanyakazi wake wanaosafisha uchafu tunaoutupa. Lakini wafanyakazi hao wana kiasi wanachoweza, wana muda wanaouhitaji, na kuna mizigo inayowashinda.

WAFANYAKAZI WASIOONEKANA KWA MACHO

Chota udongo mzuri wa shambani, kijiko kimoja tu cha chai. Ndani yake mnaweza kuwamo bakteria wapatao bilioni moja. Hatuwaoni ila kwa hadubini. Tunaposikia neno bakteria tunafikiria kipindupindu, pepopunda au kifua kikuu, kwa sababu hao ndio wanaotuumiza. Lakini wengi wa bakteria wa udongoni hawana ugomvi na binadamu. Kazi yao ni kuozesha: majani makavu, mabua ya mahindi, samadi, mzoga wa panya. Bila wao milima yetu ya Uluguru ingekuwa imefunikwa na majani ya miaka mia yasiyooza.

Bakteria hana mdomo wala meno. Ana vimeng'enya, yaani vitu vinavyofanya kazi kama mkasi wa fundi cherehani. Kimeng'enya kimoja hukata mahali pamoja, kingine mahali pengine. Kitu kikubwa hukatwa vipande, na vipande hukatwa tena hadi bakteria aweze kuvila. Mwishoni, kazi ikienda vizuri, hubaki hewa ya kaboni, maji na chumvichumvi ambazo mimea huzitumia.

Dawa nyingi za kufukuza au kuua wadudu zimetengenezwa kwa kaboni, kama ilivyo kwa majani na mabua. Kwa hiyo kwa bakteria mwenye mkasi unaofaa, dawa ni chakula. Wapo pia wanaoikata dawa kwa bahati tu, wakati wanakula kitu kingine. Ndiyo maana udongo wenye mboji na samadi nyingi kwa kawaida husafisha dawa upesi kuliko udongo mkavu uliochakaa: wafanyakazi ni wengi na wana nguvu.

DAWA ZINAZOVUNJIKA KWA URAHISI

Tuanze na zile za asili. Tangu zamani wazee wetu walichoma kivumbasi jioni, au wakatundika matawi yake mlangoni ili kufukuza mbu. Baadhi ya aina za kivumbasi zina mafuta yale yale yanayopatikana katika karafuu. Mafuta ya namna hiyo hupotea hewani haraka, na yakianguka ardhini wapo bakteria wanaoyala moja kwa moja. Ni sababu moja inayofanya harufu ya kivumbasi isidumu, na sababu moja pia inayofanya kisitoshe kuzuia malaria. Tusiache chandarua kwa kutegemea majani.

Pareto nayo ni ua. Hulimwa katika nyanda zetu za juu kusini, Iringa, Njombe na Mbeya, na dawa hukamuliwa kutoka katika maua yake yaliyokaushwa. Pareto ya asili huharibiwa na jua kwa muda mfupi, na kilichobaki udongoni humalizwa na bakteria. Kwa sababu hiyo wataalamu wakatengeneza ndugu zake wa viwandani, kama permethrini na deltamethrini, wanaostahimili jua. Hizi ndizo dawa zilizotiwa katika vyandarua vyetu. Mkoa wetu una historia katika jambo hili, maana watafiti wa Ifakara walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kupima vyandarua vya dawa kwa watu wengi, huko Kilombero na Ulanga, katika miaka ya 1990.

Dawa hizi za vyandarua zikianguka katika udongo hushikamana nao kama gundi. Hazitembei kwa urahisi kwenda kisimani. Bakteria huzikata katikati, na baada ya wiki kadhaa sehemu kubwa huwa imekwisha. Lakini zikiingia mtoni habari ni nyingine. Samaki na wadudu wadogo wa majini, ambao ni chakula cha samaki, hufa kwa kiasi kidogo sana cha dawa hizi. Kiasi kile kile ambacho udongo ungekimaliza bila shida kinaweza kuua vifaranga vya samaki katika kijito. Hapo ndipo tunapoona kwa nini mahali pa kumwaga maji ni jambo kubwa.

Mfano wa tatu ni dawa ya kujipaka iitwayo DEET. Iligunduliwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946, na raia wakaanza kuitumia mwaka 1957. Soma kibandiko cha mafuta ya kufukuza mbu yanayouzwa madukani, mara nyingi utaikuta. Katika miaka ya 2000 watafiti wa Marekani walipata bakteria aina ya Pseudomonas putida katika tope la mahali pa kusafishia maji machafu. Bakteria huyo aliweza kuishi kwa kula DEET. Walipochunguza waliona ana kimeng'enya kinachoikata DEET vipande viwili. Kipande kimoja hukatwa zaidi na kuwa chakula chake. Ajabu ni kwamba DEET ilitengenezwa na binadamu, haikuwapo duniani kabla ya hapo. Bakteria alichukua mikasi ya kukatia vitu vya zamani akaitumia kwa kitu kipya.

DDT NA SOMO LA VIKUGE

Sasa tuje kwenye mzigo mzito. Wasomaji wenye umri mkubwa wanaikumbuka DDT, unga mweupe uliosifiwa kuua kila mdudu. Mwaka 1948 Paul Müller wa Uswisi alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua nguvu yake. Ilipunguza malaria katika nchi nyingi, hilo hatuwezi kulikana. Lakini DDT imebeba klorini tano ndani yake, na mikasi ya bakteria wengi hukwama hapo. Katika nchi za baridi nusu ya DDT iliyomwagwa yaweza kuchukua kati ya miaka 2 na 15, au zaidi, kupungua. Kwenye joto letu hupungua upesi zaidi, kwa sababu nyingine huruka na hewa na bakteria hufanya kazi haraka, lakini bado ni muda mrefu.

Kuna jambo jingine. Kuvunjika siyo lazima kuwe ni kuisha. Katika udongo wenye hewa, DDT hubadilika kuwa kitu kiitwacho DDE, nacho ni kigumu kuliko mama yake. Katika udongo uliojaa maji, kama majaruba ya mpunga, bakteria wasiohitaji hewa huing'oa klorini moja, ikawa DDD. Zote mbili hukaa katika mafuta ya samaki, ya ng'ombe na ya binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta mabaki ya DDT katika maziwa ya akina mama wa kaskazini mwa Tanzania. Mama asiogope kunyonyesha kwa habari hii. Maziwa ya mama yanabaki kuwa chakula bora kwa mtoto. Tunalojifunza ni kwamba kitu kilichotupwa ardhini zamani kinaweza kurudi mezani.

Mfano ulio wazi hauko mbali na sisi. Katika shamba la Vikuge, wilaya ya Kibaha, mkoa wa Pwani, ililetwa shehena ya dawa za wadudu mwaka 1986 kama msaada kutoka Ugiriki. Nyingine zilikuwa zimekwisha muda wake. Zikawekwa katika banda la wazi, na banda hilo baadaye likaporomoka. Mvua ikanyesha juu ya dawa mwaka hadi mwaka. Mabaki yakaja kuondolewa, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba udongo wa pale ulikuwa bado umechafuka vibaya. Sehemu nyingine, DDT na mabaki yake ilizidi robo ya uzito wa udongo wenyewe. Dawa ilikutwa pia katika maji ya kisima na maji ya juu ya ardhi.

Kwa nini bakteria wa Vikuge hawakusafisha? Kwanza, dawa ilikuwa nyingi kupita kiasi. Mtu anaweza kula sahani ya ugali, lakini ukimwangushia gunia la unga kichwani utamuua. Pili, dawa yenyewe ni ngumu. Tatu, dawa ikirundikana mahali pamoja huwa kama jiwe; bakteria hushika kwa nje tu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kufanya kazi mwaka 2004, uliiondoa DDT mashambani na kuibakiza kwa ajili ya wadudu waenezao magonjwa tu, kwa masharti. Hata hivyo katika baadhi ya maghala ya zamani na vyumba vya nyuma bado yaweza kupatikana makopo yasiyo na jina. Mtu asiyafungue wala asiyafukie mwenyewe.

BAKTERIA WAKIIZOEA DAWA

Kuna kisa kingine ambacho wakulima watakielewa. Mtu anatumia dawa ile ile ya udongoni msimu hadi msimu, katika shamba lile lile. Mwaka wa kwanza inafanya kazi vizuri. Mwaka wa nne anaona wadudu wanaendelea kula mizizi, anasema, "Dawa ya siku hizi ni feki." Feki zipo kweli, na wadudu wenyewe huweza kuwa sugu. Lakini mara nyingine sababu ni bakteria. Wale wachache walioweza kuila dawa wameshiba, wamezaana, wamekuwa jeshi. Dawa ikitiwa, wanaimaliza kabla haijamfikia mdudu.

Jambo hili limeonekana katika nchi nyingi kwa dawa iitwayo karbofurani. Huko Ufilipino, mwaka 1973, watafiti walieleza habari za bakteria waliowapata katika shamba la mpunga lililokuwa limetiwa dawa ya diazinoni. Bakteria hao waliweza kuivunja dawa hiyo haraka sana.

Mkulima akiona hivyo huongeza kipimo mara mbili au mara tatu. Hilo ni kosa lenye madhara. Bakteria wanaongezewa chakula, mdudu hafi, na anayeumia ni yule aliyebeba bomba mgongoni na watoto wanaocheza shambani. Dawa iliyo sahihi ni kubadilisha zao, kupumzisha shamba, na kumwuliza bwana shamba.

MLIMANI KWETU KUNA HATARI YA PEKEE

Tumesema bakteria wanahitaji muda. Wanahitaji pia unyevu, joto kiasi, hewa na mboji. Tena wengi wao wanaishi katika tabaka la juu la udongo. Ukichimba chini sana ni wachache. Sasa tutazame milima yetu.

Mgeta na vijiji jirani vinalisha masoko ya Morogoro na Dar es Salaam kwa kabichi, karoti, nyanya na njegere. Mashamba yako kwenye miteremko mikali. Mkulima anapiga dawa asubuhi, mchana mvua kubwa inashuka. Udongo wa juu, ambao ndimo walimo bakteria na ndimo dawa iliponasa, unabebwa wote pamoja hadi kijitoni. Bakteria hawakupata hata siku moja ya kufanya kazi. Mto Ruvu, unaoanzia katika milima hii, ndio chanzo kikubwa cha maji ya Dar es Salaam. Mto Ngerengere unaingia bwawa la Mindu, ambalo watu wa Morogoro mjini wanakunywa maji yake. Kwa hiyo mkulima mmoja anayesuuza bomba lake mtoni anagusa vikombe vya watu asiowajua.

Ndiyo maana matuta, majani ya kufunika udongo, na ukanda wa nyasi au miti kando ya mto siyo mambo ya bwana shamba peke yake. Ni mambo ya afya. Vinauzuia udongo usiondoke, na bakteria wanapata muda wa kumaliza kazi.

Tukumbuke pia kwamba jani la kabichi siyo udongo. Juu ya jani hakuna jeshi la bakteria kama lile la ardhini. Dawa hupungua kwa jua, mvua na siku kupita. Zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, baina ya kupiga dawa na kuvuna, zimepimwa kwa sababu hiyo. Kupiga dawa Ijumaa na kupeleka sokoni Jumamosi ni kumlisha jirani dawa. Kuosha mboga kwa maji safi kunasaidia, lakini hakuchukui nafasi ya kusubiri.

TUFANYE NINI NYUMBANI NA SHAMBANI?

1. Chandarua kifuliwe katika beseni, kwa sabuni ya kawaida isiyo kali, bila dawa ya kung'arishia nguo. Kisifuliwe zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu, na kianikwe kivulini. Kamwe tusifulie mtoni wala kisimani.

2. Maji ya kufulia chandarua yamwagwe katika choo cha shimo, au katika shimo lililo mbali na kisima, mto, mifugo na mahali pa watoto. Hapo bakteria watayashughulikia.

3. Chandarua chakavu tuendelee kukitumia mpaka tupate kingine. Kisitumiwe kuvulia samaki. Kisichomwe moto ovyo, maana moshi wake ni mbaya. Tumwulize mhudumu wa afya mahali pa kukipeleka. Kama hakuna njia nyingine, kifukiwe mbali na maji.

4. Bomba la kunyunyizia lisuuzwe shambani, na maji ya kusuuza yanyunyiziwe shamba lile lile. Chupa ya dawa isuuzwe mara tatu, kila mara maji yatiwe ndani ya bomba. Kisha itobolewe ili mtu asiitumie kwa mafuta ya taa, mafuta ya kula wala maji ya kunywa.

5. Tununue kiasi kinachotosha msimu mmoja. Dawa isihamishiwe katika chupa ya soda. Watoto wengi waliokunywa sumu walifikiri ni kinywaji.

6. Tununue dawa zilizosajiliwa. Tangu mwaka 2020 kazi ya kusajili imewekwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Dawa isiyo na kibandiko cha kusomeka tusiiguse.

7. Dawa ya zamani isiyojulikana isimwagwe, isichomwe, isifukiwe. Ifungiwe mbali na watoto, na apewe habari bwana shamba au bwana afya. Tukumbuke Vikuge.

8. Tulishe udongo wetu: samadi, mboji, majani. Udongo ulioshiba una wafanyakazi wengi.

MTU AKIPATWA NA SUMU YA DAWA

Dalili za dawa nyingi za shambani ni hizi: jasho jingi, mate na machozi kutoka, mboni za macho kuwa ndogo, kutapika, kuhara, misuli kurukaruka, kichwa kuuma, kupumua kwa shida. Mtu akionyesha dalili hizi baada ya kushika au kunywa dawa, fanya haraka:

Mtoe mahali penye dawa. Mvue nguo zote zilizolowa na mwoshe mwili kwa sabuni na maji mengi. Wewe unayemwosha jikinge mikono yako. Kama dawa imeingia machoni, yaoshe kwa maji safi kwa dakika 15. Usimtapishe. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta; maziwa hayaondoi sumu, na mafuta yanaweza kuongeza madhara. Kama amezimia, mlaze kwa ubavu. Mkimbize hospitali, na uje na chupa ya dawa au kibandiko chake. Kwa sumu za aina fulani tunayo dawa ya kuzipinga, lakini ni lazima tujue ni ipi, na kila dakika ina thamani yake.

Ndugu wasomaji, ndani ya mwili wa binadamu hakuna jeshi la bakteria la kumaliza sumu kama lile la udongoni. Ini hufanya linaloweza, kisha huchoka. Udongo nao hufanya unaloweza, kisha huchoka. Tukiupa dawa kidogo, mahali panapofaa, na muda wa kutosha, utatusaidia. Tukiurundikia mzigo, siku moja utaturudishia mzigo wetu ndani ya mtungi wa maji.